Koti la Siku ya Wageni

Katika kiwanda nilichofanyia kazi Thika, rangi ya koti ilikutangaza kabla hujafungua mdomo. La bluu lilikuwa la wachambuzi, la kijivu la mafundi na watu wa mashine, jeupe la masupavaiza. Ya bluu yalivaliwa na wanawake. Ya kijivu na meupe yalivaliwa na wanaume. Nilitafuta mahali sheria hiyo ilipoandikwa. Nilisoma kila karatasi iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo, hata zile za chini zilizofunikwa na mpya, kwa kuwa nina tabia ya kusoma kila kilichoandikwa. Sikuiona. Ilikuwa tu desturi ya mahali, na desturi haina karatasi ya kwenda nayo ofisini kulalamika.

Tulichambua makadamia. Kokwa zikishapasuliwa na kukaushwa zilitujia juu ya mkanda unaotembea chini ya taa kali, nasi tuliketi pande zote mbili tukiondoa zilizotobolewa na wadudu, zilizogeuka manjano, na vipande vya maganda. Wakubwa walipenda kusema kwamba wanawake wana macho mazuri na mikono myepesi. Kwa miaka mingi niliyapokea maneno hayo kama sifa. Baadaye nilikuja kuona kwamba ndiyo yaliyotuweka pale: kila mwanamke aliyeomba kuhamishiwa kwenye mashine za kukaushia aliambiwa macho yake yanahitajika mkandani.

Mimi niliishia kidato cha pili. Mengine nimejisomea, polepole, kwa mpangilio wangu, somo moja likiisha ndipo naanza jingine. Nilijisomea usafi wa vyakula, nikafanya mtihani wake, nikapita, nikapeleka nakala ya cheti ofisini. Walinishukuru. Kila nafasi ya supavaiza wa ukumbi wetu ilipotangazwa niliomba, na kila mara alichukuliwa mwanaume, mara nyingine kijana ambaye kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa kuketi nami nimwonyeshe mkanda. Nilimwonyesha. Wengi wao walikuwa vijana wazuri. Sikuwa na ugomvi nao. Nilitaka koti jeupe, basi, na sikuwahi kumficha mtu yeyote jambo hilo.

Kokwa zetu zilinunuliwa na watu wa ng'ambo, na wanunuzi hao walikuwa wakituma mkaguzi kila mwaka. Zamani mkaguzi aliangalia usafi, vyoo, milango ya dharura. Kisha wanunuzi wakaanza kuuliza pia kuhusu wanawake: wako wangapi, wanafanya nini, nani anawasimamia. Ndipo asubuhi moja meneja wa uzalishaji akaniita kando ya ukumbi, akaniambia niende stoo nichukue koti jeupe.

"La nini, bosi?"

"La kuvaa, mama. Leo wewe ndiye supavaiza. Wageni wanakuja."

"Na kesho?"

Alitazama saa yake. "Kwanza tuone hii siku ikipita. Mambo mengine tutaongea."

Mtu wa stoo alinitafutia koti kwenye rafu ya juu. Lilikuwa na neno supavaiza limeshonwa mfukoni kwa uzi mwekundu. Lilikatwa kwa kifua cha mwanaume, vifungo upande wa wanaume, na mikono ilinifika kwenye vidole.

"Mathe, leo umekuwa mkubwa," akasema.

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka wageni waende. Halafu unaenda nalo nyumbani unalifua, unalipiga pasi, unaniletea. Usisahau, nitaulizwa."

Nilipoingia ukumbini mkanda wote uliangua kicheko. Mwenzangu tuliyekaa pamoja siku zote, mwanamke wa Gatuanyaga aliyefika kazini kila asubuhi na vumbi la barabara ya kwao viatuni, alikuwa wa kwanza kunipigia kelele.

"Daktari! Daktari ameingia! Daktari, mgongo unaniuma!"

"Niandikie niende nyumbani nilale," mwingine akadakia.

"Huyu si daktari, ni bibi harusi. Angalia vile shela linaburuta."

Nilikunja mikono ya koti nikasimama mwisho wa mkanda, mahali pa supavaiza. Supavaiza mwenyewe alikuwa ameambiwa ashinde upande wa mashine.

Mkaguzi alikuwa mwanamke, Mkenya, bado kijana kiasi, aliyetaka kujua mambo hasa. Tulizungumza muda mzuri. Aliuliza kwa nini taa ziko chini vile, kwa nini wachambuzi wanabadilishana pande. Nikamweleza kuhusu uchovu wa macho na vivuli. Kisha akauliza, "Na wewe mama, umekuwa supavaiza kwa muda gani?"

Sipendi kusema uongo, na sikutaka kumwaibisha meneja aliyesimama pale. Nikamjibu, "Sijakaa sana na hili koti."

Ilikuwa kweli kabisa. Alitabasamu, akanishika bega, akaondoka. Jioni nililifua lile koti, nikalipiga pasi, kesho yake nikalirudisha. Nilisubiri yale mazungumzo aliyoyaahidi meneja. Hayakuja, nami sikushangaa.

Mwaka uliofuata siku ya wageni ilipokaribia, nilijua nitaitwa, na nilikuwa nimejiandaa kumwambia meneja kwamba safari hii nataka tuongee kabla sijavaa. Hakuniita. Alimwita mwenzangu wa Gatuanyaga. Sababu yake aliieleza mwenyewe mbele yetu sote, bila kuona haya, kama mtu aliyepata wazo zuri.

"Wakiona mama yule yule kila mwaka watadhani tuko na mmoja tu. Tubadilishe. Waone tunao wengi."

Mwenzangu alitoka stoo amevaa koti jeupe, na yeye ni mwembamba kuliko mimi, kwa hiyo lilimmeza zaidi. Hakuna aliyemwita daktari. Alikuja moja kwa moja nilipoketi, akainama.

"Ameniambia siku ikipita vizuri nitabaki nalo," akaninong'oneza.

"Amesema hivyo?"

"Kwa mdomo wake. Wee, usiniangalie hivyo. Najua ni wewe ulikuwa unalingoja."

"Simama vizuri," nikamwambia. "Na ukunje hiyo mikono, itaingia kwenye mkanda."

Meneja alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa jambo moja. Miaka yote wakaguzi walibadilika. Hakuwahi kuja mtu yule yule mara mbili. Mwaka huo akaja yule yule.

Nilimwona akiingia na viatu vyake vya mpira, wavu wa nywele kichwani, meneja pembeni. Alisalimiana na mwenzangu, akasoma mfuko wa koti, akaandika. Kisha akaanza kutembea kando ya mkanda. Niliinamisha kichwa. Wachambuzi wote tunafanana tukivaa wavu na barakoa, nilidhani atapita. Akasimama.

"Mama. Si wewe mwaka jana ulikuwa supavaiza hapa?"

Mkanda ulikuwa unaendelea kutembea na kokwa zikapita mbele yangu bila kuchambuliwa, jambo ambalo silipendi hata leo nikilikumbuka. Kabla sijajibu, meneja alikuwa ameshajibu.

"Ni yeye, ni yeye. Aliomba mwenyewe ashuke. Mambo ya nyumbani. Si unajua akina mama."

"Pole," mkaguzi akaniambia. Lakini hakuwa mjinga. Hakumtazama meneja, alinitazama mimi. "Ni kweli, mama? Uliomba mwenyewe?"

Nieleze nilichokiona wakati huo. Mwishoni mwa mkanda mwenzangu alikuwa amesimama akizungusha kifungo cha koti kwa kidole gumba, akizungusha tu, macho kwangu. Ana watoto wadogo na mume ambaye anatafuta vibarua mtaani Kiandutu na siku nyingi hapati. Nyuma yake walikuwa wanawake wote wa ukumbi ule, ambao wanunuzi wakikasirika wangekuwa wa kwanza kuambiwa wabaki nyumbani. Na mbele yangu alikuwa mwanamke mwenye nia njema aliyetaka ukweli, ambaye baada ya saa mbili angepanda gari arudi Nairobi.

"Ni mambo ya nyumbani," nikasema.

Nyumbani kwangu kulikuwa na mimi, redio na paka. Mume wangu alikwisha fariki, wanangu ni watu wazima wenye nyumba zao.

Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu. Baadaye tukasikia alichokiandika, kwa kuwa kilileta mafundi na rangi. Alikuwa amewaambia wanunuzi kwamba wanawake katika kiwanda chetu wanapandishwa cheo lakini wanalazimika kuacha kwa sababu ya mzigo wa nyumbani, na wanunuzi wakaagiza kitengwe chumba cha watoto. Kikatengwa. Kilipakwa rangi ya njano, kikachorwa tembo ukutani, kikaletewa mikeka na mwanamke wa kuwaangalia watoto. Akina mama waliokuwa wakiwaacha watoto na majirani huko Kiandutu sasa waliwaleta hadi langoni, na wakati wa chai walienda kuwanyonyesha. Kilikuwa kitu kizuri. Sijawahi kukisema vibaya.

"Asante, mathe," msichana mmoja aliniambia, mtoto mgongoni. "Tumeambiwa ni wewe uliongea ndio tukapata."

"Sikuongea mambo mengi."

"Lakini yalisikika."

Kile chumba kilijengwa kwa ajili ya shida ambayo sikuwa nayo, ili kunirudisha kwenye cheo ambacho sikuwahi kupewa, na katika safari yote hiyo hakuna aliyekosea njia kwa kukusudia isipokuwa mtu mmoja. Naye, nadhani, alikuwa amekwisha kusahau.

Nasema hivyo kwa sababu ya kilichofuata. Kesho yake baada ya ukaguzi ule wa pili koti la mwenzangu lilirudi stoo kama langu lilivyorudi. Lakini muda si mrefu supavaiza wetu akaacha kazi ili akafungue duka lake, na nafasi ikatangazwa. Safari hii wakubwa walisema wazi kwamba wanataka mwanamke, maana wanunuzi wangeuliza tena. Tulioomba tulikuwa wachache. Niliingia kwenye chumba cha usaili nikiwa na vyeti vyangu kwenye bahasha, vimepangwa kwa mwaka. Meneja alikuwa katikati ya meza. Aliniangalia kwa huruma ya kweli.

"Mama, wewe tunakujua. Kazi yako haina shida. Lakini si wewe uliacha?"

Nilidhani anatania. Nilimtazama usoni nikitafuta dalili ya mzaha.

"Niliacha nini, bosi?"

"Usupavaiza. Mambo ya nyumbani. Sasa tukikupa tena, si utaacha tena? Wageni wakikuta umeshuka mara ya pili tutasema nini?"

"Sikuwahi kupewa. Ulinipa koti siku moja."

Wenzake wawili mezani wakaangaliana. Meneja akakunja uso kama mtu anayetafuta mahali alipoweka funguo, na kwa kitambo kidogo niliona kwamba ukweli ulikuwa karibu kumfikia. Haukufika.

"Lakini ulimwambia mkaguzi mwenyewe," akasema. "Nilikuwa pale."

Hapo nilifunga bahasha yangu. Alikuwa ameurudia uongo ule kwa wanunuzi, kwa ofisi kuu, kwa mafundi waliochora tembo, mpaka ukawa kumbukumbu yake. Nami nilikuwa shahidi wake. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi karibu na bomba la maji. Sikulia wala sikukasirika. Nilihisi mwili wote mzito, kama mtu aliyetembea kutoka Gatuanyaga kwa mguu na kuambiwa alipofika kwamba ofisi imefungwa.

Nafasi alipewa mwenzangu. Aliijua kazi na aliistahili; tulikuwa tumekaa mkanda mmoja miaka yote, na kile nilichokijua alikijua, isipokuwa hakuwa na vyeti. Siku aliyopata koti alikuja kunitafuta wakati wa chakula, akaketi kwenye benchi langu ingawa masupavaiza walikuwa na meza yao.

"Niambie ukweli. Una hasira na mimi?"

"Hapana."

"Ngai! Hata kidogo? Mimi ningekuwa nayo."

"Nimechoka. Hasira ni kazi nyingine."

Akala kidogo. Kisha akasema, "Siku ile, mkaguzi alipokuuliza, nilijua utasema ukweli. Wewe na ukweli wako. Nilikuwa nimeshaanza kulivua hili koti akilini."

"Nilikuona unazungusha kifungo."

"Kilitoka! Ilibidi nikishone usiku huo." Akacheka, na mimi nikacheka, na tulikula tukamaliza. Lakini nilikuwa nimeshaamua kwamba sitakaa kwenye mkanda anaousimamia yeye. Si kwa ubaya. Kila akija na lile koti nyuma ya kiti changu ningekuwa nahesabu kitu ambacho hakihesabiki.

Nje kidogo ya Ruiru kulikuwa na kiwanda cha kufungasha vyakula vikavu, karanga, simsim, matunda yaliyokaushwa, kilichokuwa kinatafuta supavaiza wa ukumbi wa kuchambulia. Niliomba, wakaniita. Aliyenisaili alikuwa mwanamke, mdogo wangu kwa miaka mingi, suti safi, sauti ya upole. Aliniuliza maswali yote ya kazi: unyevu, wadudu, zamu, ugomvi kati ya wafanyakazi. Hayo nilikuwa nimeyasubiri maisha yangu yote na niliyajibu bila wasiwasi. Kisha akaweka kalamu chini.

"Mama, nimempigia meneja wako wa Thika. Amekusifu sana. Amesema ulikuwa supavaiza mzuri, na uliacha kwa hiari yako mwenyewe."

Kwa hiyo uongo ulikuwa umefika Ruiru kabla yangu. Ningeweza kuuacha uketi pale. Umri wangu na uchovu wangu viliniambia niuache. Lakini kiwanda hiki sikukidai kitu, wala nyuma yangu hakukuwa na mtu anayezungusha kifungo.

"Madamu, nikueleze vizuri," nikasema. "Sikuacha, kwa sababu sikuwahi kuwa supavaiza. Nilivaa koti siku moja, wageni walipokuja. Kesho yake nikalirudisha."

Nilitarajia uso wake ubadilike. Ulibadilika, lakini si kwa namna niliyoitarajia. Alinionea huruma.

"Unaona?" akasema. "Hii ndiyo shida yetu sisi wanawake. Mwanaume akishika cheo siku moja ataandika mwaka mzima. Wewe umefanya kazi, umeacha sifa, halafu unaniambia ulivaa koti."

"Ni koti nililivaa."

"Mama. Jiamini."

"Madamu, nakwambia vile ilikuwa."

"Na mimi nakwambia usijishushe hapa. Katika ofisi hii hatujishushi." Akatabasamu, akachukua kalamu. "Swali la mwisho, na usikasirike, lazima niulize. Yale mambo ya nyumbani yaliyokufanya uache, yameisha?"

Nilifikiria chumba cha njano na tembo wake. Nilikuwa nimesema ukweli mara mbili, kwa watu wawili tofauti, mahali panapofaa, kwa sauti ya kusikika. Na mara zote mbili aliyenisikiliza alikuwa na maelezo bora kuliko yangu kuhusu maisha yangu.

"Yameisha," nikajibu, na hilo nalo lilikuwa kweli.

Nilipewa kazi. Nilihamisha vitu vyangu nikapanga chumba Ruiru, paka akanizira siku kadhaa kwa sababu ya mahali papya. Sijui mpaka leo kama nilipewa kwa sababu ya majibu yangu au kwa sababu ya simu ya meneja wa Thika, na nimeacha kujiuliza. Kina mama wengi ninaowafahamu hawajui wamepewa kwa nini, wala wamenyimwa kwa nini.

Asubuhi ya kwanza nilienda stoo. Mtu wa stoo wa Ruiru alikuwa mzee mwenye miwani, asiye na haraka. Alishusha koti jeupe kutoka kwenye rafu, bado lina mikunjo ya kiwandani lilikoshonwa. Nililigeuza. Vifungo upande wa wanaume. Mikono ilinifika kwenye vidole.

"Hakuna dogo?"

"Yote ni saizi hiyo. Hatujawahi kuitishwa nyingine."

Nilivaa. Kisha nikamuuliza, kwa mazoea, "Nalirudisha lini?"

Aliinua miwani akanitazama kana kwamba nimeuliza jua linarudishwa lini.

"Kurudisha wapi, mama? Hilo ni lako. Unalirudisha siku ukiacha kazi."

"Likiwa limefuliwa."

"Limefuliwa na limepigwa pasi," akakubali. "Kumbe unajua."

Nilimshukuru, nikaelekea ukumbini nikikunja mikono ya koti, wa kulia kwanza, kisha wa kushoto. Mkanda ulikuwa umeshawashwa.